Daudi "alijitia nguvu katika BWANA": alifanyaje, nami nifanyeje?

FundiWaSare (Tabora)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora, nashona zaidi sare za shule, na ni mama wa watoto wawili. Mwanangu mdogo, mwenye umri wa miaka sita, ana ugonjwa wa selimundu. Tangu mwaka huu uanze amelazwa mara nne, na kila mara mambo ni yale yale: maumivu ya mifupa yanaanza jioni, usiku tunahangaika kutafuta usafiri, asubuhi tuko wodini ametundikiwa dripu. Wakati mwingine huhitaji kuongezewa damu, na hapo nawapigia ndugu simu mmoja baada ya mwingine nikiomba wa kujitolea. Msimu wa Januari, ambao ndio unaonipa fedha ya kunilisha nusu mwaka, ulipita nikiwa hospitalini, na vitambaa vya wateja vikabaki kwenye mifuko bila kukatwa.

Kanisani wananipenda, hilo silikatai. Lakini karibu kila anayekuja kunijulia hali hunipa mstari ule ule, 1 Samweli 30:6, kwamba Daudi alipofadhaika "alijitia nguvu katika BWANA, Mungu wake", kisha huniambia nami nijitie nguvu. Nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba siku hizi ukitajwa tu nahisi uchovu. Kinachonitesa hasa ni hicho kiambishi "ji". Kama ingeandikwa kwamba Mungu alimtia Daudi nguvu, ningekaa nikangoja nami nitiwe. Lakini imeandikwa kwamba alijitia mwenyewe, na mimi nikitafuta ndani yangu cha kujitia, sikioni.

Biblia nasoma, ila nadhani nasoma vibaya. Usiku wodini naifungua kwenye simu mahali popote, nasoma mistari mitatu, mtoto analia, naifunga. Siku nyingine natafuta mistari ya kutia moyo iliyokusanywa pamoja, nikaipitia kama mtu anayemeza vidonge vya maumivu, na baada ya nusu saa nimerudi nilipokuwa. Kipindi cha mafundisho cha Jumatano nimekikosa tangu Machi. Juu ya hayo, mhubiri mmoja aliyepita mtaani kwetu aliniambia kwamba dawa ninazompa mtoto ndizo zinazoizuia imani yangu isifanye kazi. Sikuziacha, lakini neno lile limebaki moyoni likinichoma.

Naomba kwa unyenyekevu mnisaidie. Daudi alijitia nguvu kwa kufanya nini hasa? Na mtu asiye na muda wala utulivu anajifunzaje Neno hata limfae?

---

Mwinjilisti Mstaafu (Kilimanjaro)

Shalom, mwanangu, na pole sana kwa kuuguza.

Nimetumika kama mwinjilisti kwa zaidi ya miaka thelathini, na nakiri kwamba mstari huo nami nimewapa watu wengi mlangoni mwao kisha nikaenda zangu kunywa chai. Kosa letu ni kwamba tunauchukua mkia wa mstari mmoja na kuiacha sura yenyewe, ambayo ina mistari 31. Swali lako la "kwa kufanya nini" limejibiwa mle mle ndani, lakini ni lazima tuanze nyuma kidogo.

Huyu Daudi unayeambiwa umwige hakuwa katika hali nzuri ya kiroho alipofika Siklagi, mji aliokuwa akikaa. Alikuwa amemkimbia Sauli akaenda kuishi kwa Wafilisti, maadui wa taifa lake, akakaa huko mwaka mmoja na miezi minne (27:7), na muda huo wote alikuwa akimdanganya mfalme Akishi juu ya mahali anakoenda kupiga vita. Soma sura ya 27 na ya 29 taratibu uone kama kuna mahali anapomuuliza Mungu jambo lolote. Hakuna. Mara ya mwisho tunapomsoma akiuliza ni sura ya 23. Kwa hiyo mtu aliyejitia nguvu si shujaa wa maombi aliyekuwa amejaa; ni mtu aliyekaa muda mrefu bila kusema na Mungu wake, kisha akarudi kutoka safarini akakuta mji umechomwa moto na wake na watoto wa kila mmoja wamechukuliwa na Waamaleki.

Sasa angalia utaratibu wa mambo. Mstari wa 4 unasema walilia mpaka wakakosa nguvu za kulia tena. Kilio kimetangulia, tena hakuna aliyewakemea. Mstari wa 6 unasema watu wake mwenyewe walitaka kumpiga kwa mawe, halafu ndiyo yanakuja maneno yale unayoambiwa. Mstari wa 7, ambao sijawahi kumsikia mtu akiuandika kwenye kadi, unasema Daudi alimwambia kuhani Abiathari amletee naivera, na wa 8 unasema akamuuliza BWANA: je, nikiwafuata nitawapata? Mimi naamini huko ndiko kujitia nguvu kwenyewe kunakoonekana kwa vitendo. Hakuchota kitu ndani ya kifua chake. Aliomba msaada wa mtu aliyekuwa karibu, akauliza swali lililokuwa mbele yake, akangoja jibu.

Kuhusu hiyo "ji" yako, ambayo naiona ni hoja nzito kuliko ulivyodhani, rudi 23:16. Daudi akiwa amejificha katika nyika ya Zifu, Yonathani mwana wa Sauli alimwendea huko msituni akamtia nguvu katika Mungu. Kwa Kiebrania mzizi wa kitenzi hicho ni ule ule wa 30:6. Maana yake ni kwamba kabla Daudi hajajitia nguvu, alikuwa ametiwa nguvu na rafiki, kwa namna ile ile na katika Mungu yule yule. Alichokifanya Siklagi alikuwa amefundishwa na mtu aliyetembea kwa miguu kumfuata. Wale wanaokuletea mstari wangekuwa wameufuata vizuri zaidi kama wangekaa nawe usiku mmoja wodini ili wewe ulale.

Kuna jambo la mwisho, na hili ndilo ninalotaka ulale nalo. Daudi aliondoka na watu 600, lakini walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka mno wasiweze kuvuka, wakabaki na vyombo. Vita ilipokwisha, baadhi ya waliopigana walisema hawa wasipewe kitu isipokuwa wake zao na watoto wao. Daudi alikataa, akaweka amri kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na vyombo ni sawasawa (30:24). Wewe wanakufananisha na Daudi. Mimi nikikutazama nakuona kwa wale 200 wa Besori, na fungu lako halipungui hata kidogo.

Namna ya kusoma: acha kufungua popote. Chukua sura hii moja tu, mistari mitano kwa usiku, na usiende mbele mpaka umejua nani anasema, amekosa nini, na anamwambia nani. Mtoto akilia, funga. Kesho utaendelea pale pale ulipoachia.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku (Dodoma)

Tumsifu Yesu Kristo.

Mama, mimi ni Mkatoliki na nimefanya kazi wodi ya watoto kwa muda mrefu, kwa hiyo niruhusu nianze na lile la mhubiri, kwa sababu halifai kuachwa likapoa. Tafadhali usiache dawa za mtoto. Vidonge vya foliki asidi, hidroksiurea kama daktari amemwandikia, kinga ya malaria, maji ya kutosha na kumkinga na baridi ni mambo yanayowaweka watoto wa selimundu hai, nasi tunaona tofauti kati ya wanaoyafuata na wasioyafuata. Kama mhubiri yule anataka andiko, mpe 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia alipougua akaomba kwa machozi, Mungu alimwahidi kumwongezea miaka 15. Na baada ya ahadi hiyo, nabii Isaya aliagiza uletwe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, naye akapona. Nabii aliyekuwa na ahadi mkononi bado alitumia dawa iliyokuwepo.

La pili ni usingizi. Akina mama wengi wodini hujilaumu kwamba hawawezi kusali wala kusoma, ilhali hawajalala siku tatu na chakula chao ni chai. Eliya, chini ya mretemu katika 1 Wafalme 19, aliomba afe. Malaika hakumpa somo lolote. Alimgusa, akamwonyesha mkate na chupa ya maji, Eliya akala akalala tena, na malaika akaja mara ya pili na chakula kile kile. Sauti ya utulivu mlimani Horebu ilikuja baadaye sana. Kama kuna jirani wa kitanda unayemwamini, peaneni zamu: mmoja alale saa mbili, mwingine awaangalie watoto wote wawili.

Kuhusu kukosa mafundisho ya Jumatano, sisi huku katika jumuiya ndogo ndogo husoma Injili ya Jumapili inayofuata, mtu mmoja kwa sauti, mara mbili, kisha kila mmoja anarudia neno lililomgusa bila kuhubiri. Hata watu wawili wanaweza kufanya hivyo kati ya vitanda.

---

Msomaji wa Mombasa

Salamu kwa wote. Mimi nitatofautiana kidogo na Mzee, kwa heshima zote.

Sura ya 30 ilinikera sana ndugu yangu alipofariki. Sababu ni mstari wa 18 na wa 19: Daudi alirudisha kila kitu, mke, mtoto, nyara, hakuna kilichopungua. Nilijiuliza, na sisi ambao hatukurudishiwa tunasoma wapi? Ningependa dada asiambiwe, hata kwa njia ya mzunguko, kwamba akisoma vizuri mwisho wake utakuwa kama wa Siklagi. Mstari mwingine unaotumiwa hivyo ni Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho. Ni wa kweli, lakini mstari wa 10 unasema ni baada ya miaka 70, na wa 5 unawaambia wale waliochukuliwa mateka wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko Babeli. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa walizikwa Babeli.

Mimi nilichoshikilia ni Zaburi ya 88 na kitabu cha Maombolezo. Zaburi ile inaanza kwa kumwita BWANA "Mungu wa wokovu wangu", kisha inashuka moja kwa moja, na neno lake la mwisho ni giza. Hakuna "lakini" mwishoni. Nilishangaa kwamba waliokusanya Zaburi hawakuiongezea mstari wa kuifariji, nikaona kwamba kama Mungu aliruhusu maneno hayo yabaki katika kitabu chake, basi hata ya kwangu anaweza kuyasikia.

Maombolezo yaliandikwa juu ya Yerusalemu iliyobomolewa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo. Sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina mistari 22 kila moja, na ya 3 ina 66, kwa sababu alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22 na mtunzi amefuata herufi moja baada ya nyingine. Sisi wa pwani jambo hili si geni, kwani washairi wetu wa kale nao walitunga beti zilizofuata alifu, bee, tee. Ila fikiria mtu aliyeona mji wake unateketea, kisha anakaa chini kupanga kilio chake kwa herufi ili asiruke hata moja. Maneno mazuri yanayoimbwa, kwamba rehema zake hazikomi na ni mpya kila siku asubuhi, yako 3:22 na 23, katikati ya kitabu, na kilio kinaendelea baada yake. Sura ya 5 nayo ina mistari 22, lakini herufi hazifuatwi tena, kana kwamba mtunzi amechoka.

Nilinunua daftari la kurasa 96 nikawa nanakili mistari mitatu kila usiku kwa mkono. Sikuwa na nguvu ya kutafakari, ila mkono uliweza kuandika. Maombolezo yana mistari 154, kwa hiyo ilinichukua karibu miezi miwili.

Nyongeza ndogo, samahani kama natoka nje kidogo. Biblia yetu ya Kiswahili yenyewe ilianzia katika nyumba ya msiba. Johann Ludwig Krapf alifika hapa Mombasa mwaka 1844, akaanza kutafsiri Mwanzo mwezi Juni, na Julai mkewe Rosine na binti yao mchanga wakafariki kwa kufuatana. Wamezikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Yeye aliendelea na tafsiri.

---

FundiWaSare (Tabora)

Nawashukuru nyote, na samahani kwa kukawia kujibu. Tuliruhusiwa Jumamosi, ingawa Jumatatu tunarudi kliniki, na deni la duka la vitambaa bado liko pale pale.

Nilisoma sura ya 30 kwa usiku sita, kama Mzee alivyoagiza. Usiku wa pili mama wa kitanda cha jirani aliniuliza nasoma nini, nikaanza kumsomea kwa sauti ya chini, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Tukapeana na zamu za kulala, ambazo kwa kweli zilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Tulipofika kwa yule kijana Mmisri, mtumwa wa Mwamaleki, aliyeachwa na bwana wake nyikani kwa sababu ameugua, akakaa siku tatu bila kula wala kunywa, hatukuweza kuendelea. Daudi na watu wake wana haraka ya kuwafuata adui, lakini wanasimama, wanampa mkate, maji, kipande cha mkate wa tini na vichala viwili vya zabibu, mpaka roho yake inamrudia. Mwenzangu akaniuliza, "Kwa hiyo huyo mgonjwa aliyetupwa ndiye aliyejua njia?" Nikatazama tena, nikaona ndivyo. Bila yeye wasingefika. Tulikaa kimya, kila mmoja akimwangalia mtoto wake.

Sikupata ile furaha ninayoisikia kwenye shuhuda. Nilichopata ni kwamba usiku ule sikuwa peke yangu na mstari, nilikuwa na watu: wanaolia, wanaogombana, waliochoka kijitoni, na kijana mgonjwa. Msomaji wa Mombasa, nimekuelewa kuhusu mwisho wa hadithi. Nimeanza Maombolezo kwa njia yako, maana daftari ninalo, lile la kuandikia vipimo vya wateja; nimeligeuza nikaanzia nyuma.

Mzee, nina swali moja dogo. Naivera ni nini? Mwenzangu aliniuliza, nikashindwa kumjibu.

---

Mwinjilisti Mstaafu (Kilimanjaro)

Mwanangu, nimefurahi kusikia mmeruhusiwa.

Kwanza nimjibu ndugu wa Mombasa: nakubali. Nilipaswa kusema mwenyewe kwamba sura ile ni habari ya siku moja ya Daudi, na kwamba siku nyingine alifunga akalala chini usiku kucha kwa ajili ya mtoto, na mtoto hakupona. Sikulisema kwa sababu nilimwonea huruma mama huyu, na huenda huruma yangu ilikuwa ya woga. Aendelee na Maombolezo yake.

Naivera ni vazi la kuhani, na kwa kuwa wewe ni fundi, nakuomba usome Kutoka 28 kuanzia mstari wa 6, ambako la kuhani mkuu linaelezwa kama mtu anavyompa fundi maagizo: dhahabu, nyuzi za rangi ya samawati, zambarau na nyekundu, kitani nzuri ya kusokotwa, vipande viwili vya mabegani, na mshipi uliofumwa kwa ustadi. Juu ya mabega vinawekwa vito viwili vya shohamu, na juu ya vito yamechorwa majina ya wana wa Israeli, sita kwa kila kimoja, ili Haruni ayachukue mabegani mwake mbele za BWANA. Abiathari alikimbia na naivera mkononi baada ya makuhani wenzake kuuawa na Sauli huko Nobu, kwa hiyo vazi aliloletewa Daudi siku ile lilibebwa na mtu ambaye naye alikuwa mfiwa.

Ukiisha kusoma, nifafanulie jambo moja. Mstari wa 7 unasema vile vipande vya mabegani viliungwa kwenye ncha mbili ili vazi lishikamane, na miaka yote hii sijaelewa vilikuwa vinashonwa upande gani, mbele au nyuma, na mshipi unapita wapi.